Joto la Silinda Namba Tatu

Watu wanaopenda magari ya zamani ya injini za kupozwa kwa hewa ni watu wazima wenye akili zao timamu, ila ukiwakuta wamekusanyika utadhani wamechanjwa kichaa kimoja. Daktari wa meno atakuacha kitini na mdomo wazi ili akusimulie kabureta aliyoiokota. Fundi bomba, ambaye riziki yake yote ni maji, atakuapia kwamba gari la heshima halina maji hata tone: feni inapuliza, silinda zinapoa, basi. Hakuna anayewalipa, hakuna anayewasifu, na waume na wake zao walishakata tamaa zamani. Mara moja kwa mwaka wanapanda mlima, gari moja moja, kilomita nne za kona tupu, mtu mmoja amesimama juu na saa ya kupimia. Halafu wanarudi majumbani wananuka oili na kubishana juu ya nusu sekunde mpaka mwaka mwingine.

Fundi Saa aliwahi kuwa mmoja wao. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Mtaani aliitwa kwa kazi yake, maana alikuwa na kibanda cha kioo pembeni ya duka la dawa, na humo alishinda kutwa ameinamia saa za watu na lenzi jichoni. Aliyemwingiza katika kichaa hicho ni kaka yake, aliyemzidi miaka sita. Kaka ndiye aliyeendesha. Mdogo mtu, kwa kuwa vidole vyake havikujua kutetemeka, alikabidhiwa kazi moja tu, ya kupima tapeti.

Tapeti, kwa asiyejua, ni suala la nafasi ndogo mno, unene wa karatasi moja au mbili, inayoachwa juu ya kila valvu ili chuma kikipata moto kiwe na pa kutanukia. Ukiacha kubwa, injini inapiga kelele. Ukiibana, valvu haifungi sawasawa, inaungua pole pole, na siku usiyoitarajia inakatika. Na kazi hiyo haifanywi injini ikiwa na joto, hata kidogo, maana kipimo cha chuma chenye joto ni cha uongo. Kwa hiyo kaka mtu alikuwa na sheria yake aliyoirudia mpaka watu wakamchoka: mkono kwanza, spana baadaye. Unaweka kiganja juu ya mfuniko wa tapeti, unahesabu mpaka arobaini, na kama hujasikia joto lolote, ndipo unafungua.

Kaka huyo alikufa mlimani, kona ya tatu, miaka kumi na miwili iliyopita. Valvu ya silinda namba tatu ilikatika, injini ikakwama ghafla, magurudumu ya nyuma yakagoma, na gari likaenda lilikotaka. Chama cha wenye magari hayo kilikutana, wakakuna vichwa, wakasema chuma kimechoka. Namba tatu ndivyo ilivyo katika injini hizi, walisema. Imekaa mahali ambapo hewa haiifikii vizuri, daima ina joto kuliko wenzake. Fundi Saa aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo hakugusa tena injini ya gari.

Mabaki ya gari yalikaa bandani nyuma ya nyumba ya shemeji yake, mke wa marehemu, yamefunikwa turubai. Marehemu alikuwa ameliita gari lile Kifaurongo, kama mdudu yule, kwa mgongo wake wa mviringo na kwa tabia yake ya kujifanya limekufa mpaka watu wote wakate tamaa, halafu likawaka. Aliyelifunua turubai ni binti yake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja baba yake alipofariki. Sasa alikuwa na ishirini na mitatu, mchomeleaji wa mageti na madirisha, msichana wa maneno machache na mabega ya kazi. Miaka mitatu alikata bati, akachomelea, akapiga msasa. Injini aliijenga upya juu ya ile ile ya baba yake, na kile kichwa cha silinda cha upande wa kushoto, cha namba tatu na namba nne, alikitengeneza badala ya kukitupa. Alitaka jambo moja tu. Mashindano yalikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na alitaka kuipita kona ya tatu na kufika juu.

Ndiyo maana asubuhi ya Jumatatu alisimama mbele ya kibanda cha kioo, mikono nyuma.

"Baba mdogo," alisema, "kila kitu nimefanya mwenyewe. Tapeti ndiyo nataka iwe mikono yako."

Fundi Saa alikohoa, akatafuta udhuru, akauona udhuru wenyewe hauna miguu. Ungekuwa wewe ungemwambia nini mtoto wa ndugu yako? Alifunga kibanda, akamfuata.

Banda lilikuwa safi kuliko alivyolikumbuka. Meza ya kazi ilikuwa ule mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojaa nati yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa. Ukutani ilining'inia kalenda ya mwaka ule wa ajali, mwezi ule ule, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuichana. Kifaurongo lilikuwa limeegeshwa upande mmoja, limepakwa rangi ya krimu, kitako chake kitupu kikisubiri injini. Na injini yenyewe ilikuwa katikati ya chumba, juu ya stendi ya chuma, haijavalishwa feni, haijatiwa oili, haina kabureta wala plagi hata moja. Ilikuwa haijawahi kuwaka tangu ijengwe. Hilo ulikumbuke vizuri, maana Fundi Saa alilazimika kulikumbuka kila siku ya wiki ile.

Aliinama, akaweka kiganja juu ya mfuniko wa kushoto kwa mazoea tu, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyotarajia kumkuta mtu. Akaanza kuhesabu. Alipofika kumi hakukuwa na kitu. Alipofika ishirini alihisi uvuguvugu. Alipofika thelathini lilikuwa joto kamili, na kabla ya arobaini aliondoa mkono.

Alitazama dirisha, jua lilikuwa upande wa pili wa nyumba. Akaweka mkono mfuniko wa kulia. Baridi. Akarudi kushoto, sehemu ya nyuma, juu ya namba nne. Baridi. Akasogeza vidole mbele, juu ya namba tatu.

"Iguse hapa," alimwambia Binti.

Binti akaweka kiganja, akahesabu mpaka arobaini midomo ikicheza, kama alivyofundishwa na baba yake utotoni. Akasema ni baridi kabisa. Akamtazama baba yake mdogo kwa wasiwasi kidogo, akamuuliza kama anajisikia vizuri. Alijibu kwamba macho yamechoka, wafanye kesho.

Sasa hapa lazima tuseme jambo ambalo Fundi Saa hakuwahi kumwambia mtu, hata kitandani, hata kwa Mungu isipokuwa kwa mafumbo.

Siku ile ya mashindano, marehemu alilizungusha gari mapema asubuhi, akasikia kelele asiyoipenda, akamwomba mdogo wake apime tapeti upya kabla ya zamu yao. Saa mbili zilikuwa zimepita tangu injini izimwe. Injini ya aina hii hutunza joto kama chungu, na saa mbili hazitoshi. Lakini mwaka ule chama kilikuwa kimemteua Fundi Saa kusimama juu na saa ya kupimia. Walimpa na kofia nyeupe. Gari la mwisho la kuwapeleka watu juu lilikuwa linapiga honi, barabara ikikaribia kufungwa, na yeye, mtu mzima, aliogopa kukosa kuonekana na kofia yake. Hakuweka mkono. Alifungua, akapima nafasi zote nane kwa dakika kumi na mbili, akafunga. Kaka yake akamuuliza, "Umeweka mkono?"

"Nimeweka," akajibu. "Ni baridi."

Kule juu alisimama na kofia yake na saa yake. Aliisikia injini ikipanda kona ya kwanza, ya pili, kisha mlio mmoja wa chuma, kisha kimya. Saa ya kupimia iliendelea kwenda mkononi mwake mpaka jioni, hakukumbuka kuisimamisha.

Hilo ndilo alilolibeba miaka kumi na miwili akiliita chuma kuchoka. Na sasa alikuwa amekiweka kiganja juu yake.

Jumanne alirudi amejikaza. Alijiambia usiku ni mrefu na akili ya mtu aliyefiwa hutengeneza mambo. Alipoingia tu alisikia mlio mdogo, ti, ti, ti, ukiacha nafasi, ukirudi. Alicheka kimoyomoyo, akavua saa yake ya mkononi, akaenda kuiacha sebuleni. Shemeji yake alikuwa barazani anasahihisha madaftari. Alikuwa mwalimu wa hesabu na kalamu nyekundu haikumwacha hata likizoni. Walisalimiana kwa heshima kama kawaida yao, heshima nyingi kupita kiasi. Fundi Saa akarudi bandani. Ti, ti, ti. Kila aliyewahi kuzima gari la aina hii anaujua mlio huo. Ni chuma cha moto kinachorudi kwenye umbo lake. Binti hakuwa anausikia. Alikuwa anasugua nati kwa kitambaa huku akiimba kwa pua.

"Weka mkono," alimwambia.

Binti akaweka, akahesabu, akasema baridi.

Ndipo alipofanya kosa lake la pili maishani, na hili hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kulifanya. Alisema, haya, mkono wako ndio mkono. Hakuweka wake. Alifungua mifuniko yote miwili, akachukua jani jembamba la chuma la kupimia nafasi, akaweka nafasi zote nane kwa utulivu wa fundi wa saa, akakaza nati, na juu ya kila nati akatia nukta ya rangi nyekundu, kama afanyavyo kibandani, ili nati ikisogea hata kidogo nukta ipasuke na ijulikane. Binti alifurahi mpaka akamkumbatia na mikono yake ya grisi. Fundi Saa alirudi nyumbani akiwa na doa jeusi begani na alilala kama mtoto.

Jumatano alipita kuangalia tu, bila kuombwa. Alikuta grisi imechirizika sakafuni. Binti alikuwa ameacha vidonge viwili vya grisi juu ya mifuniko, kimoja kila upande, vya kukumbuka mahali pa kupaka. Cha kulia kilikuwa kimesimama vile vile na alama ya kidole chake. Cha kushoto kilikuwa kimeyeyuka chote, kimeteremka kwa michirizi miwili mpaka kwenye saruji. Binti akasema labda kopo lile ni la grisi mbovu. Vyote viwili vilitoka kopo moja, lakini Fundi Saa hakumwambia.

Alifungua mifuniko yote miwili. Nukta zote nane zilikuwa nzima, nyekundu, hazina hata ufa. Alipima namba moja, ikawa sawa. Ya pili sawa. Ya nne sawa. Kwenye namba tatu jani la kupimia liligoma kuingia. Akajaribu jembamba zaidi, likagoma. Akajaribu lile jembamba kuliko yote, ambalo hutumika kwenye saa za wanawake, likakunjika. Hakukuwa na nafasi hata ya pumzi, na nati haikuwa imesogea.

 Alimwambia Binti kwamba kuna kidude anataka kukiangalia kwanza, asiivalishe feni injini, asubiri. Binti, ambaye alikuwa na subira ya mtu anayesubiri chuma kipoe kila siku ya maisha yake, sasa subira ilianza kumwishia. Alihesabu kwa vidole: injini mpya ilihitaji siku nane za kulainishwa polepole barabarani kabla ya kusukumwa mlimani. Ikipita Ijumaa haijawaka, basi mwaka mzima umekwenda. Alhamisi Fundi Saa hakuonekana. Alituma salamu kwamba ana saa ya msikiti ya kutengeneza, na hapakuwa na saa yoyote.

Ijumaa saa nne asubuhi Binti alimfuata kibandani akamleta, si kwa maneno, kwa kusimama tu pale kwenye kioo mpaka aibu ikamwinua. Walipofika bandani Fundi Saa alikuta Binti ameshafanya mwenyewe. Mfuniko wa kushoto ulikuwa mezani, na jani la kupimia lilikuwa kando yake.

"Nimeona imebana," Binti alisema. "Nimeirekebisha. Nilitaka tu uhakikishe, halafu tuivalishe."

Fundi Saa alichukua jani, akapima namba tatu. Liliingia likateleza vizuri, kazi safi, kazi ya kujivunia. Mtoto alikuwa na vidole vya ukoo. Angeweza kusema safi, twende. Angeurudisha mfuniko, wangeiinua injini pamoja, wangeiingiza kitakoni mwa Kifaurongo, na jioni lingeunguruma barabarani huku majirani wakitoka nje kutazama. Na Jumamosi ya wiki ya pili mtoto huyu angepanda mlima. Kona ya kwanza, kona ya pili.

Akarudisha mfuniko mahali pake bila kuufunga, akaweka kiganja juu. Alifika tisa tu. Aliuondoa mkono, akauficha mfukoni, akasikia ngozi ikimwasha.

Shemeji yake alikuwa amesimama mlangoni na madaftari kifuani. Alikuwa amewaletea habari kwamba chai iko tayari. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kuvuka kizingiti cha banda lile. Vyombo aliviacha dirishani, na ujumbe aliutoa akiwa uani.

Binti alikuwa ameinama anatafuta spana. Bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida ya mtu mwenye haraka, aliuliza, "Baba mdogo, umeweka mkono?"

Ulimi wa Fundi Saa ulishaanza kuyatamka yale yale. Nimeweka, ni baridi. Maneno yalikuwa pale pale yalipoachwa, hayakuwa yamechakaa hata kidogo, na alishangaa jinsi yalivyokuwa mepesi mdomoni. 

"Nimeweka," alisema. "Ni ya moto."

Binti akageuka na kucheka kidogo. Baridi, alisema, nimeigusa sasa hivi, haijawahi hata kuwaka.

"Ni ya moto. Na siku ile pia ilikuwa ya moto. Baba yako aliniuliza kama nimeweka mkono, nikamwambia nimeweka. Sikuweka. Nilimdanganya, nikakimbilia kofia."

Aliyasema yote, yaliyobaki, kwa mpangilio mbaya, akirudi nyuma, akirukia mbele, gari lililopiga honi, dakika kumi na mbili, saa iliyokwenda mpaka jioni. Binti alisikiliza na spana mkononi. Uso wake haukubadilika mpaka alipoielewa kofia. Hapo ndipo ilipomchoma. Angevumilia bahati mbaya, angevumilia uzembe hata, lakini si kofia. Aliiweka spana mezani taratibu sana.

"Wewe ndiye uliyenifundisha baiskeli," alisema. "Harusi yangu ikija wewe ndiye ungesimama badala ya baba."

 Fundi Saa alitamani apigwe. Akageukia mlangoni, kwa mjane wa kaka yake, akaanza kuomba radhi, na yule mwanamke akainua kiganja kumzuia.

"Mimi nilijua," alisema.

Alieleza polepole, kama anavyoeleza darasani, macho yakiwa kwenye injini. Siku ile, kabla ya zamu yake, mumewe alimjia pembeni ya barabara aliposimama na mtoto anayekula biskuti. Alikuwa anacheka. Akamwambia, mdogo wangu kanipiga kamba, nimeweka mkono mwenyewe, injini ina joto bado. Yeye akamwambia basi ifungueni mpime tena. Mume akasema hapana. Akifungua sasa chama kizima kitajua kwamba mdogo wake amesema uongo, siku yenyewe waliyompa kofia. Ni kilomita nne tu, itafika. Akambusu mtoto kichwani, akaenda.

"Nilikukasirikia wewe," shemeji alisema. "Yeye nilimkasirikia zaidi, na yeye hayupo, kwa hiyo fungu lake pia ukapata wewe. Nilingoja uje useme. Ungekuja wiki ile ile, ningekusamehe wiki ile ile. Mwaka wa kwanza ningekusamehe. Baadaye nikaanza kukuhesabia."

 Ule mlio mdogo uliendelea, ti, ti, na safari hii Binti akainua kichwa na kutega sikio. Akatazama injini. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya namba tatu, pale pale alipoweka Jumatatu, Jumanne na asubuhi hiyo hiyo, na papo hapo akaurudisha kwa nguvu mpaka kiwiko kikagonga stendi. Alikigeuza kiganja dirishani. Kilikuwa chekundu.

"Mama," alisema kwa sauti ya mtoto. "Njoo uguse."

"Sina haja," mama yake alijibu kutoka mlangoni. "Mimi naisikia nikiwa hapa. Miaka yote hii naisikia mpaka jikoni. Unadhani kwa nini siingii humo?"

Kifaurongo halikupanda mlima mwaka ule. Jumamosi ya mashindano watu wa chama walipita kumchukua Binti, daktari wa meno akapiga honi mara tatu, akaambiwa injini bado haijawa tayari. Alitikisa kichwa kwa huruma ya dhati. Kwa watu wale huo ni msiba. Saa nne na nusu upepo ulileta sauti za magari kutoka mlimani, moja moja, zikipanda, zikififia, zikifika juu salama. Watatu hao waliketi bandani wakizisikiliza. Fundi Saa alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na mlango, kwa sababu Binti hakuwa ameanza kuzungumza naye tena, ila hakuwa amemfukuza. Kiti pekee alipewa mama, aliyevuka kizingiti asubuhi hiyo bila kutangaza, akiwa amevaa viatu vya kwenda kazini.

Lilipopita gari la mwisho, mama akasimama, akakunja mkono wa gauni lake, akaweka kiganja juu ya namba tatu. Alihesabu kwa sauti, kwa mwendo ule ule wa darasani, bila haraka. Uso ulianza kumkunjamana kwa maumivu tangu alipofika nne. Alifika kumi na saba. Akauondoa mkono na kuupuliza.

"Bado," alisema. Akaenda kuweka chai.

Siku hizi Fundi Saa hupita hapo kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Haingii sebuleni, huzunguka nyuma. Kalenda imechanwa, imewekwa ya mwaka huu. Injini bado iko juu ya stendi, imefunikwa shuka safi, na mfuniko wa kushoto umeanza kung'aa mahali pamoja, ukubwa wa kiganja. Anaweka mkono, anahesabu kuelekea arobaini, anaandika kwa penseli namba aliyofikia kwenye ukingo wa kalenda. Wiki iliyopita alifika thelathini na moja. Binti, ambaye sasa humjibu akimsalimia, ameandika ishirini na sita. Mama naye huingia bandani kila jioni akitoka kazini, na mlango huufunga, lakini hajaandika kitu, na hawaambii anafika ngapi.